Vidole Vinane vya Jua

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya fisi kuposa na sungura kuwa karani, nasema zamani ya juzi, ya simu na mihuri, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Esnati Nambeye. Alizaliwa Isalanje, kijiji cha upande wa Tanzania. Akaolewa Kitwe, upande wa Zambia, akakaa huko miaka ishirini na miwili. Mume akafa, yeye akabaki. Lakini pasipoti yake ilikuwa ileile ya kwao, na kila ilipokwisha muda aliiomba upya, hata wenzake sokoni wakamcheka.

"Mama Sekela, kitabu hicho unakifugia nini? Mbona hakitagi?"

Naye aliwajibu, "Mlango usiopita kila siku, huo ndio wa kutunzia ufunguo."

Siku moja akapigiwa simu: baba amefariki. Maziko yalimpita, maana Isalanje maiti halali siku mbili, na Kitwe ni mbali. Likabaki jambo moja, jambo la majivu.

Isalanje, mtu akifa, huwashwa moto uani, nao hauzimwi siku kumi na nne. Siku ya kumi na nne, jua linapozama, majivu huzolewa na kutupwa nje ya boma. Lakini kabla hayajatupwa, kila mtoto wa marehemu hukalia kigoda chake na kusema neno lake juu ya nyumba na shamba. Mtoto mmoja akikataa, nyumba haiuzwi; lakini majivu yakishatupwa, hakuna tena wa kusema. Kigoda kitupu ni mdomo uliofungwa. Hawaulizi ulikuwa mgonjwa, hawaulizi ulikuwa njiani.

Esnati alikuwa na neno. Mama yake alikuwa kipofu, na nyumba ile aliijua kwa nyayo: hatua saba hadi jikoni, kumi na mbili hadi kisimani, ishirini na moja hadi kwenye zizi. Kaka yake, Lameki Simbeye, maana kwao wanaume huitwa Simbeye na wanawake Nambeye, alitaka kuiuza kwa mtu wa mashine ya kukoboa mahindi, kisha amchukue mama mjini akae naye. Esnati alijua kwamba nyumba nyingine ingempofusha mama mara ya pili.

Akampigia kaka yake. Lameki akasema, "Dada, wewe ni mgeni sasa. Mgeni haulizwi habari za paa."

"Niwekee kigoda changu, Lameki."

"Nitakiweka. Kukikalia ni shauri lako."

Siku zikapita akitafuta fedha za safari, kisha akamwendea jirani yake Yona Sichalwe, naye mtu wa kwao, mwenye pikapu. Wakapakia mabati kumi na mawili ya jiko la mama, wakaondoka.

Wakafika mpaka mkubwa, ule wa lami, mchana wa siku ya kumi na tatu. Wakakuta foleni. Malori mbele, mabasi mbele, magari madogo mbele, na watu wamelala chini ya magari kama kuku chini ya ghala. Wakauliza, kuna nini? Wakajibiwa, mtandao umelala. Utaamka lini? Wakajibiwa, mtandao hauna mama wa kumwuliza.

Wakalala kwenye gari. Kulipokucha, siku ya kumi na nne, foleni ilikuwa palepale. Nyuma yao palikuwa na lori la vitunguu, na dereva wake alikuwa akikoroma tangu jana.

Hapo akapita mama mmoja mwenye beseni la karanga kichwani, mwenyeji wa upande ule wa kusini. Jina lake Bana Mutale, yaani Mama Mutale kwa lugha ya kwao. Akawatazama, akacheka.

"Nyinyi mnangoja nini hapa? Mnangoja kuota mizizi?"

Yona akasema, "Tungoje wapi, mama? Mpaka si huu?"

"Mpaka ni mrefu, mwanangu. Mlango si mmoja. Kuna mpaka mdogo, kule kwenye mto, magari matatu kwa wiki. Njia ni ya vumbi, mwendo wa saa tano, lakini hakuna foleni hata ya mbuzi. Mimi huvuka pale kila Jumanne kupeleka karanga, na nyumbani kwangu ni palepale. Nipakieni, niwaonyeshe."

Yona akamgeukia Esnati. Esnati akasema, "Usukani uko mikononi mwako, Yona. Amua wewe." Kisha akasimama juu ya tairi, mkono mmoja kwenye mabati, akasema kwa sauti iliyomwamsha hata mwenye vitunguu:

"Sikilizeni. Nina mtamba mmoja, mweupe, baba alinipa akiwa ndama anayenyonya. Yuko zizini Isalanje. Naapa kwa kaburi ambalo sijaliona: atakayenifikisha kigodani kabla majivu hayajatupwa, mtamba huyo ni wake."

Yona akatazama foleni. Akatazama vumbi. Ukitoka kwenye foleni, nafasi yako imekwenda. Akawasha gari, akatoka. Lori la vitunguu likasogea mbele hatua moja, likaziba pengo.

Njia ilikuwa mbaya, na mimi sitawachosha kwa mashimo yake. Yona aliendesha kama mtu anayebeba mayai ya mwenzake. Walipofika mpaka mdogo, saa ya upande wa kusini ilikuwa tisa na nusu mchana. Kizuizi kilikuwa gogo lenye jiwe mkiani. Hapakuwa na gari hata moja. Bana Mutale akapiga makofi.

"Niliwaambia nini? Geti linafungwa saa kumi. Tumewahi!"

Afisa wa kusini akawapokea vizuri. Akagonga mihuri ya kutoka, tu, tu, tu. Akainua gogo. Wakapita. Gogo likashuka nyuma yao. Wakavuka daraja dogo la mbao, wakapanda kilima kifupi, wakafika kwenye geti la kwao, geti la Tanzania.

Lilikuwa na kufuli.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kibanda, dirisha limefungwa, na ubao ulioandikwa kwa chokaa: KUFUNGA SAA KUMI JIONI.

Yona akatazama simu yake. Tisa na dakika hamsini. "Mbona wamefunga mapema?"

Esnati akashuka. Akanyoosha mkono mbele ya uso, kama baba yake alivyomfundisha, akapanga vidole kati ya jua na mstari wa vilima. Kidole kimoja, robo saa. Akahesabu vidole vya mkono huu, akaongeza vya mkono ule.

"Hawakufunga mapema," akasema. "Saa ya huku iko mbele ya saa ya kule. Kule ni tisa na dakika hamsini. Huku ni kumi na dakika hamsini. Wamefunga zamani."

Mnajua kosa hilo? Ni kosa la watu wa mpakani, na mtu wa mbali hawezi kulifanya kwa sababu hajui hata kwamba lipo. Yona alikuwa akipita mpaka mkubwa, usiofungwa usiku wala mchana. Saa moja kwenda au kurudi haikumhusu. Na Bana Mutale?

Bana Mutale akashika kichwa. "Mama wee! Mimi huvuka asubuhi. Asubuhi nikifika, huku wameshafungua. Jioni nikirudi, kwetu bado hawajafunga. Tofauti hiyo hunipa saa moja kila Jumanne. Haijawahi kuninyang'anya hata mara moja. Nilisahau kwamba inaweza."

Yona akageuza gari, akarudi hadi kwenye gogo. Afisa wa kusini akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Nimeshakugongea kutoka, ndugu yangu. Huku wewe hupo tena."

"Na kule sijaingia. Sasa mimi niko wapi?"

"Uko darajani," akasema afisa.

Basi wakawa hapo, kati ya malango mawili, watu wasio mahali. Na Isalanje ilikuwa ng'ambo ya kufuli lile, kilomita ishirini. Na jua lilikuwa limebakiza vidole vinane.

Bana Mutale akamvuta Esnati kando. "Iko njia. Hapo chini, penye mianzi, mto ni wa magotini. Watu wote hupita. Ukitokea ng'ambo unatafuta pikipiki, unakwenda zako. Nani atajua?"

"Njia ya panya?"

"Panya hufika, mwanangu."

Esnati akacheka, kicheko kikavu. "Kaka yangu kanikalia pale na neno moja mdomoni: mgeni, mgeni. Nami niingie nchi ya baba yangu nimeinama kwenye mianzi, nimebeba viatu? Nitakalia kigoda nikiwa nimelowa kama mwizi wa samaki? Hapana. Nimetunza kitabu hiki miaka ishirini na miwili. Nitaingia mlangoni, wima, na mlango utaniandika."

"Na usipofunguliwa?"

"Utafunguliwa."

Akaenda, akashika kufuli kwa mikono miwili, akaanza kuligonga kwenye chuma. Ngo! Ngo! Ngo! Hakuna aliyekuja. Jua likala kidole. Vikabaki saba.

Bana Mutale alitazama mikono ile. Akatua beseni lake, akalifunga kitambaa, akajitwika tena, akashuka kwenye mianzi peke yake. Mto haukuwa wa magotini siku hiyo. Ulimfika kifuani, ukamchukulia beseni na karanga zote. Akatokea ng'ambo amelowa, akakimbia kwa miguu yake ya bibi hadi nyumba za watumishi. Akamkuta afisa, kijana Msukuma aitwaye Kulwa Machibya, amevaa fulana na msuli, anafua sare.

"We Kulwa! Toka kwenye povu! Una mtu getini kwako!"

"Bibi, wewe umepitia wapi?"

"Nifunge kesho. Leo njoo na ufunguo."

Akaja na ufunguo, mikono ina povu mpaka viwiko. Akasimama upande wake wa geti, Esnati upande wake. Jua lilikuwa limekula kidole kingine. Vikabaki sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua."

"Mama, tumefunga saa kumi. Gari siwezi, mtu wa forodha amekwenda na karatasi zake. Tafadhali, lala hapo, saa mbili asubuhi nitakuwa wa kwanza kukuhudumia."

"Sikuomba gari. Naomba mimi. Mimi ni raia?"

Kulwa akapokea pasipoti kupitia kwenye nondo, akaitazama. "Ni raia, mama."

"Raia huombaje kuingia kwao?"

"Haombi. Ila husubiri."

"Nimesubiri foleni kutwa na kucha. Nimesubiri siku kumi na tatu na baba yangu yuko chini ya udongo. Sasa nisikilize, mwanangu. Mimi sitoki hapa. Nitagonga kufuli hili mpaka livunjike au mpaka mikono ivunjike. Ukitaka kunifunga, itabidi kwanza ufungue, maana huwezi kumkamata mtu kupitia kwenye nondo."

Bana Mutale, anatetemeka kwa maji, akadakia, "Na wewe Msukuma! Ng'ombe wa kwenu wanavuka wapendapo, hawaulizi saa. Mtu ndiye unamfungia? Na ukimfikisha kuna mtamba, kaapa mbele yetu!"

"Bibi, koma! Hapa usinitajie ng'ombe. Ukitaja tena narudi kufua."

Kulwa akaangalia ufunguo. Mtu akisimama hivyo, usimhimize; nyamaza na umwache na nafsi yake. Kisha akafungua kile kilango kidogo cha wapita kwa miguu. Akaingia kibandani, akatoa daftari la kuandikia kwa mkono.

Bana Mutale akanong'ona, "Andika saa tisa. Nani ataona?"

Kulwa akaandika, akisoma kwa sauti: "Esnati Nambeye, raia. Ameingia saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, baada ya kufunga. Amefunguliwa nami, Kulwa Machibya." Akatia sahihi. Akagonga muhuri kwenye pasipoti. "Nikianza kudanganya saa," akasema, "kesho nitadanganya nini?"

"Na Isalanje nitafikaje?" akauliza Esnati.

Kulwa akamtazama, akatazama jua, akapangusa povu kwenye msuli. "Pikipiki ninayo. Ni yangu, si ya serikali."

Esnati akageuka. Yona alikuwa bado upande wa pili, ameegemea pikapu. "Na wewe?"

"Nenda, Mama Sekela. Gari likiachwa hapa peke yake, kesho hutakuta bati wala tairi. Nitalala nalo. Mimi si wa kule, si wa huku. Leo nchi yangu ni hizi mita mia tatu." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka, kwa maana alikuwa na njaa tangu jana na chakula kilikuwa kimekwisha.

Wakaondoka. Njia ilikuwa ya kupanda. Jua likala kidole, vikabaki vitano. Likala kidole, vinne. Mnyororo wa pikipiki ukachomoka, wakashuka, Kulwa akaurudisha, vidole vikawa vitatu. Ukachomoka tena. Viwili. Esnati alikaa nyuma, mkono mmoja begani kwa Kulwa na mwingine umenyooka mbele ya uso wake, akipima. Kimoja. Kisha jua likaingia nyuma ya vilima, na hakukuwa tena na kitu cha kupima.

Walipopita madukani mwa Isalanje, Esnati aliona lori la vitunguu limeegeshwa, mwenyewe anauza, anapiga soga. Akawapungia mkono. "Mlipotelea wapi? Mtandao uliamka saa sita! Saa nane nilikuwa upande huu!"

Pikipiki ikapita.

Sasa twende uani. Ukoo umekaa. Vigoda vinne; vitatu vimeshakaliwa na neno limesemwa, kimoja kitupu. Lameki amesimama na koleo. Tumwache naye aseme, maana si mtu mbaya: ni yeye aliyembeba baba mgongoni hadi zahanati, ni yeye aliyemlisha, miezi minane, wakati dada yake alikuwa sauti kwenye simu. Nyumba ile kwake ilikuwa mahali pa kuugulia. Alichoka nayo.

"Jua limezama," akasema Lameki. "Nazoa."

Mama yao akasema, "Halijazama."

"Mama, mimi ninaona."

"Wewe unaona mlima. Limejificha nyuma ya mlima. Mimi shavuni kwangu bado lipo."

"Mama, ni giza karibu."

"Giza mimi nalijua kuliko wewe. Hili silo."

Lameki akainua koleo. Yule mama akainuka, akapiga hatua tisa bila fimbo, akapiga magoti, akatia mikono yote miwili ndani ya majivu. Na chini ya majivu yale kulikuwa na makaa. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Ukiyazoa, utanizoa na mimi."

Wazee wakaona aibu kutazama. Lameki akashusha koleo. Na hapo ndipo iliposikika pikipiki.

Esnati akaingia uani, vumbi mpaka kwenye kope, pasipoti mkononi. Hakusalimia. Akakalia kigoda chake. Akasema, "Mimi Esnati, binti wa nyumba hii. Nimeingia mlangoni, na mlango umeniandika. Neno langu ni moja: mama habanduki hapa akiwa hai. Anayetaka kukoboa mahindi akakoboe kwingine."

Wazee wakatazamana. Kigoda kimekaliwa, neno limesemwa. Wakakubali. Mama akatolewa majivuni, mikono yake ikafungwa kwa majani ya mgomba. Majivu yakatupwa.

Asubuhi, geti lilipofunguliwa, Yona akaja na pikapu, akiwa na Bana Mutale pembeni, kanga yake haijakauka. Kulwa alikuwa bado yuko Isalanje. Pikipiki ilikataa kuwaka, na pikapu ilimletea habari. Mkubwa wake, aliyekuja kufungua geti, alikuwa amesoma daftari, akaandika barua papo hapo: Kulwa anaondolewa getini, anapelekwa kituo cha mbali ambako hata karanga hazifiki.

Mtamba mweupe akatolewa zizini, akafungwa kwenye nguzo ya jiko. Esnati akasema, "Niliapa. Semeni."

Yona akasema, "Mtamba ni wangu. Wengine waliongea, mimi niliamua. Nilitoka kwenye foleni nikijua nafasi hairudi. Niliendesha saa tano bila kuvunja hata taa. Kisha nikabaki pale kati, nchi yoyote hainitaki, nikilinda mabati ya jiko hili, ili yeye atembee mikono mitupu. Mnasema lori la vitunguu lilitangulia? Asubuhi ile, nani alijua? Mtu huhukumiwa kwa alichokiona, si kwa kilichokuja kuonekana."

Bana Mutale akasema, "Huyo aliamua nini? Bila mdomo wangu angeamua kulala. Mlango ule niliujua mimi. Ndiyo, nilisahau saa, nalikubali kosa langu. Lakini kosa langu nililifuata mpaka ndani ya maji. Karanga zangu ziko mtoni, beseni langu liko mtoni, na mimi mwenyewe nusura niwe huko. Kufuli lile mngeligonga mpaka leo. Nani alileta ufunguo?"

Kulwa akasema, "Alileta mtu, si ufunguo. Ufunguo ulikuwa wangu, na kuuzuia au kuutoa kulikuwa kwangu. Hawa walipoteza usingizi na karanga. Mimi nimepoteza kituo. Ningeweza kuandika uongo na kubaki. Mtasema mtumishi haruhusiwi kupokea ng'ombe kwa kazi yake. Kweli. Kwa kufungua kile kilango sidai hata kwato. Ila pikipiki haikuwa kazi yangu. Kilomita ishirini zile nilikuwa Kulwa tu, na mnyororo ulinikata vidole. Aliyemfikisha kigodani, kwa maana ya kufikisha, ni nani?"

Hapo wakadhani wamekwisha. Lakini Lameki, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasimama.

"Nyote mlimchelewesha," akasema. "Jua lilikuwa limezama. Nililiona. Mama naye alijua, msidanganyane. Shavu halina jua baada ya jua. Yona alimfikisha akiwa amechelewa, mama wa karanga alimfikisha akiwa amechelewa, na huyu Kulwa naye alimfikisha akiwa amechelewa. Kiapo kilisema kabla majivu hayajatupwa. Ni nani aliyezuia majivu? Nilikuwa na koleo mkononi. Mimi nimeshindwa, na ninasema nilivyoona: mtamba ni wa mama."

Wote wakamgeukia mama. Alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake, mikono imefungwa majani, uso ameuelekeza kwa mtamba, akimsikiliza akitafuna.

"Mimi niliambiwa nimesema uongo," akasema polepole. "Sijui. Niliona joto usoni. Labda lilikuwa jua, labda lilikuwa moto, labda ni mtoto anakuja. Siwezi kuapia. Lakini Esnati, kiapo si kitu cha kuacha uani kikalala na umande. Mpe mtu."

Esnati akasimama, akafungua kamba kwenye nguzo. Akaishika. Akamtazama Yona, akamtazama Bana Mutale, akamtazama Kulwa, akamtazama mama yake.

Nami nimeishia hapo, kwa kuwa aliyenisimulia aliishia hapo, na kila ninaposimulia watu huondoka wakibishana. Msiniambie wagawane: mtamba akigawanywa ni kitoweo, na Esnati hakuapa kitoweo. Msiniambie angojewe azae: aliapa mtamba huyu, si ndama wa kesho. Wala msiniambie abaki naye mwenyewe kwa kuwa yeye ndiye aliyekataa njia ya panya na kugonga kufuli. Nimelifikiria hilo miaka mingi, na bado mtu hawezi kujilipa kwa kiapo chake.

Yuko aliyechagua mlango, na mlango ukawa umefungwa. Yuko aliyesahau saa, akaingia majini kuitafuta. Yuko aliyeandika ukweli, ukamhamisha. Yuko aliyetia mikono kwenye makaa, kwa neno ambalo huenda lilikuwa uongo.

Kamba iko mkononi mwa Esnati. Mtamba amechoka kusimama. Je, nyinyi mlionisikiliza, kamba ile ingeingia mkononi mwa nani?